Maana ya filamu ya avangadi

Neno avangadi limetoka jeshini. Wafaransa waliliita hivyo kundi la askari wanaotangulia, wale wanaofika mahali ambapo jeshi lenyewe bado halijakanyaga. Baadaye wasanii wakalichukua. Filamu ya avangadi ni ile inayoacha njia iliyozoeleka ya kusimulia na kutafuta picha, sauti na mpangilio mpya. Wengi hudhani maana yake ni filamu isiyoeleweka. Si kweli, na kazi za mwongozaji wa Kijapani Hiroshi Teshigahara zinatosha kuwa ushahidi.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1927, akasomea uchoraji. Baba yake, Sofu, ndiye aliyeanzisha Sogetsu, shule ya kupanga maua iliyothubutu kuyachanganya na vyuma. Mtoto aliyelelewa humo alizoea mapema kukitazama kitu chenyewe, umbo lake na ngozi yake.

Tazama mwanzo wa Suna no Onna, yaani Mwanamke wa Mchangani, filamu yake ya mwaka 1964. Skrini imejaa kitu kama jabali. Kumbe ni punje moja ya mchanga! Zinafuata punje kadhaa, kisha nyingi zisizohesabika.

Kisa chenyewe, alichokiandika Kobo Abe, hata mtoto atakifuata. Mwalimu anayekusanya wadudu anakosa basi, wanakijiji wanamtafutia pa kulala kwa mjane anayeishi ndani ya shimo la mchanga. Kulipokucha, ngazi ya kamba haipo. Kila usiku ni kuchota mchanga, la sivyo nyumba itafukiwa. Upya wa filamu uko machoni na masikioni: mchanga umeganda kwenye ngozi yenye jasho, unaporomoka ukutani kama maji, huku nyuzi za muziki wa Toru Takemitsu zikikwaruza. Mimi hujikuta najipangusa mikono. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, liliipa Tuzo Maalumu ya Majaji, na Teshigahara akateuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora.

Mwaka 1980, baada ya kufiwa na baba na kisha dada yake, aliingia kuiongoza Sogetsu. Kamera hakuiacha. Mwaka 1984 alitoa filamu kuhusu majengo ya Antonio Gaudí, msanifu majengo wa Kihispania, na humo maneno ni machache mno: kamera inapita polepole juu ya kuta na nguzo za Barcelona, kama mkono unaopapasa.