Je, wajua kwa nini anayejua kusoma huweza kuhesabiwa hajui?

Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka sabini na ushei, aliniita barazani kwake siku moja. Mkononi alikuwa na bahasha ndogo ya dawa, na juu yake mtoa dawa ameandika kwa kalamu: 1 x 3 kutwa, siku 7.

"Mjukuu wangu, dawa nameza kama walivyoandika. Mbona usiku maumivu yananizidi?"

Nikamuuliza anamezaje. Akanisomea bila kubabaika: kimoja, mara tatu, kutwa. Kwa hiyo alikuwa anameza kimoja asubuhi, kimoja mchana na cha tatu jua likikaribia kuzama. Baada ya hapo hagusi tena mpaka kupambazuke. Kutwa ni mchana, usiku ni kucha. Nani asiyejua hilo?

Kwa Kiswahili bibi alikuwa sahihi kabisa. Aliyekosea, ukipenda kusema hivyo, ni aliyeandika. Alikusudia kidonge kimoja kila baada ya saa nane, usiku ukiwemo, lakini saa hizo nane hazikuandikwa popote kwenye bahasha. Mtu aliyezoea hospitali huzijazia mwenyewe kichwani. Bibi alisoma kilichoandikwa.

Sasa niambie: huyu anajua kusoma au hajui?

Swali hili limewasumbua hata wenye kazi ya kupima elimu duniani. Mwaka 1958 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilieleza kwamba anayejua kusoma na kuandika ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Miaka ishirini baadaye, 1978, ikaongeza maelezo ya kisomo chenye manufaa: mtu awe na uwezo wa kushiriki katika shughuli zote zinazohitaji kusoma, kuandika na kuhesabu katika jamii yake, na wa kuendelea kujiendeleza kwa kisomo hicho. Maelezo ya kwanza yanamtazama mtu na karatasi iliyo mbele yake. Ya pili yanamtazama mtu na jamii anayoishi. Hapo ndipo penye jibu la swali letu, kwa sababu jamii haitulii. Makaratasi yakibadilika, kipimo nacho kinasogea, na mtu aliyekuwa ndani ya mstari jana anaweza kujikuta nje yake leo bila kusahau hata herufi moja.

Tena inategemea nani anauliza, na anaulizaje. Kwenye sensa, karani huuliza kama fulani anajua kusoma na kuandika, na mara nyingi mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya nyumba nzima. Katika tafiti za afya na idadi ya watu, mhojiwa huonyeshwa kadi yenye sentensi fupi na kuombwa aisome. Anaandikiwa kama ameisoma yote, sehemu tu, au ameshindwa. Ila aliyesoma zaidi ya sekondari haonyeshwi hata hiyo kadi: anachukuliwa kuwa anajua. Na kwa vyovyote, kumaliza sentensi moja kwenye kadi na kuelewa mkataba wa pango ni mambo mawili.

Tanzania imeyapitia haya kwa undani, na binafsi naona ni hadithi inayostahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Wakati wa sensa ya 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tayari tangu 1968 mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vya kujifunzia vya mradi huo havikuanza na habari za paka na kikombe. Vilianza na pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Mkulima alijifunza herufi kwa maneno aliyoyashika kwa jembe kila siku.

Madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila pahala, chini ya miembe, kwenye ofisi za vijiji, jioni baada ya kazi. Waliofundisha hawakuwa walimu peke yao. Aliyemaliza darasa la saba naye aliweza kukabidhiwa darasa la wazazi wake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikaa kwa makundi kusikiliza redio, na mmoja wao akiwasomea wenzake kijitabu cha kampeni kabla ya kutoka kwenda kuchimba vyoo.

Nchi ilifanya mitihani ya taifa ya kisomo mwaka 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986. Ilikuwa na hatua nne, na ya nne haikuwa mchezo: kusoma gazeti upate habari, kufuata kitabu cha maelekezo, kuandika ujumbe, kuweka hesabu ya mapato na matumizi. Kufikia 1986, wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Halafu sensa ya 2012 ikaonyesha kuwa wanaojua, katika wenye miaka 15 na zaidi, ni kama asilimia 78.

Wengine wakiona tarakimu hizo husema tulidanganywa mwanzoni. Mimi siamini hivyo. Vipimo viwili hivyo si vya aina moja, kwanza. Pili, katikati hapo uchumi uliyumba, ada za shule zikarudi, watoto wengi wakakosa darasa. Na tatu, kisomo hufifia kisipotumika. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka 1974, kisha akaishi miaka ishirini katika kijiji ambacho gazeti halifiki na kitabu hakipo, atasoma nini?

Kuna na waliofutwa kwenye hesabu kwa sababu ya herufi tu. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi. Zimehifadhiwa barua za namna hiyo huko Goa, India, za mwanzoni mwa miaka ya 1700. Mzee wa pwani aliyesoma chuoni, yaani madrasa, anayeandika barua na kuweka hesabu za duka lake kwa hati hizo, alipoingia ofisi ya serikali ya kikoloni iliyotumia herufi za Kirumi aliletewa kidau cha wino achovye kidole gumba.

Lugha nayo huweza kufanya kazi ileile. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama Tanzania, mtu aliweza kushinda kesi yake na hukumu akampelekea mwingine amsomee, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza.

Leo karatasi imehamia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo hela ni maandishi. Kila mtu amewahi kuupata ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Anayenaswa ni yule anayesoma haraka, peke yake, akiwa kweli anadaiwa na mtu. Asiyejua kusoma humpa mwanawe amsomee, na mwana humwambia hao ni matapeli. Kusoma herufi hakukumlinda yule wa kwanza. Alihitaji kujiuliza nani ameandika, na anataka nini kwangu.

Tukirudi kwa bibi, nilimweleza kuhusu zile saa nane. Akanyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akaingia ndani na kutoka na kalamu. Chini ya mwandiko wa mtoa dawa akaandika taratibu, kwa herufi kubwa zilizoachana, alizofundishwa darasa la kisomo akiwa na mtoto mgongoni: SAA 12 ASUBUHI. SAA 8 MCHANA. SAA 4 USIKU. Akanirudishia bahasha nihakiki.