Nyika ya asili ni ipi hasa?

Ukitoka Arusha kwenda Makuyuni, ukishaipita Kisongo nchi inafunguka: uwanda, migunga ya hapa na pale, ng'ombe, vumbi. Wengi wetu huo ndio tunauita mandhari ya asili. (Badala ya nyika, neno mbuga lingefaa pia, ila siku hizi ukilitamka watu wanawaza hifadhi ya wanyama.)

Nyika ya asili ni nchi iliyotawaliwa na nyasi ambazo hazikupandwa na mtu, bali zipo kwa sababu ya udongo, mvua, moto na wanyama wanaokula majani. Tambarare za kusini mashariki mwa Serengeti zinaonyesha vizuri. Majivu ya volkano kutoka upande wa Ngorongoro na mlima Ol Doinyo Lengai yaligandamana chini ya udongo yakawa tabaka gumu kama saruji. Mizizi ya mti haipenyi, ila nyasi fupi zinatosheka na udongo wa juu. Miti haikufyekwa pale; ilishindwa kuota.

Lakini asili si kukosa watu, na hapa tunakosea sana. Wafugaji wamechunga nyanda hizi zaidi ya miaka 2,000. Walichoma nyasi kavu ili zichipue upya. Wamaasai hutenga alalili, malisho ya ndama. Hata boma likihamwa, samadi iliyobaki huotesha majani mororo, na swala huyafuata. Mkono wa mtu upo, lakini mizizi imebaki ardhini, na mvua ikinyesha nyasi zinarudi zenyewe.

Plau ni jambo jingine. Inang'oa nyasi za kudumu pamoja na mizizi. Shamba likiachwa, magugu ndiyo yanayotangulia, na kwetu Arusha mara nyingi ni gugu karoti, ambalo ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Masika inachukua udongo ulio wazi, korongo linaanza. Nyumbu wanaotoka Tarangire wakati wa mvua kwenda kuzaa Simanjiro wanakuta mashamba njiani.

Mashamba ya miwa kusini mwa Moshi hayamchanganyi mtu: hiyo ni ardhi iliyobadilishwa, inanyweshwa kwa mifereji. Kinachochanganya ni eneo ambalo halijawahi kulimwa, lakini mifugo imebanwa hapo mwaka mzima kwa kukosa pa kuhamia. Nyasi zinaisha, vichaka vya miiba vinajaa. Mgeni anapita, anapiga picha ya pori la asili. Mzee aliyechunga pale utotoni anakumbuka uwanda mtupu.