Deni la mwanafunzi, daftari la mlezi

Pauni 636, shilingi 0, peni 9½. Hizo ndizo gharama za Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, katika chuo cha Christ's, Cambridge, Uingereza, alikosoma kuanzia 1828 hadi 1831. Tunazijua kwa sababu madaftari ya hesabu ya chuo hicho yalitambuliwa na kuwekwa mtandaoni mwaka 2009. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa bado hajashika ufalme, lakini utaratibu huu wa mwalimu kushika daftari la madeni ya mwanafunzi uliendelea hadi enzi yake.

Kazi yangu ni kusoma hesabu za zamani, na wengi huniuliza kwa nini mwalimu ashike daftari la madeni badala ya daftari la alama. Jibu limo katika cheo chake. Waingereza walimwita "tutor", ila mimi naona neno letu "mlezi" linamfaa zaidi. Ankara za wafanyabiashara zilipitia kwake, naye akazilipa na kumdai mzazi. Kwa hiyo dobi, kinyozi, fundi wa nguo na muuza makaa hawakuwa wakimwamini kijana. Walimwamini mlezi, na mlezi akamtegemea baba. Mlezi asipoandika sawasawa, hasara ilimwangukia yeye.

Ndiyo maana kijana alitoa amana kabla ya kuanza masomo. Mtoto wa lodi alitoa pauni 50, mwanafunzi wa kawaida kama Darwin pauni 15, na yule maskini aliyepunguziwa ada pauni 10. Akiondoka na deni, kulikuwa na pa kukata.

Sasa tuangalie kitu kimoja kwa karibu. Darwin alilipia mboga za nyongeza kwa peni 5½ kwa siku. Wiki moja ni peni 38½, yaani shilingi 3 na peni 2½, kwa sababu shilingi ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20. Wiki nane zinafika peni 308: pauni 1, shilingi 5, peni 8. (Shilingi yetu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ilikuja na senti 100, na kila ninapojumlisha safu tatu za Kiingereza nashukuru kwa hilo.) Peni 5½ ni kitu kidogo sana, lakini ukiwa na vijana kadhaa, kila mmoja na mboga zake, makaa yake na viatu vyake vya kung'arishwa, kosa la nusu peni linazaa ugomvi na mzazi. Namhurumia sana karani aliyekaa na kalamu ya unyoya akitafuta nusu peni iliyopotea.

Sheria nayo ilimfunga mfanyabiashara. Aliye chini ya miaka 21 alihesabika mtoto, na Darwin alifika Cambridge akiwa na miaka 18. Mtoto angeweza kudaiwa mahakamani kwa vitu vya lazima tu. Mwaka 1844 mahakama iliamua kesi ya mwanafunzi wa Oxford aliyekopeshwa matunda, peremende na aiskrimu. Ikaona kwamba vitu hivyo, kwa mtazamo wa kwanza, si vya lazima. Mwaka 1908, Victoria akiwa ameshafariki, fundi wa nguo wa London alishindwa kumdai mwanafunzi wa Cambridge aliyechukua, pamoja na nguo nyingine, vizibao 11 vya fahari. Baba alithibitisha kwamba kijana alikuwa na nguo za kutosha. Fundi angemuuliza mlezi kwanza, angejua.

Lakini daftari la mlezi lina mipaka. Darwin mwenyewe alisimulia kwamba aliajiri kibarua amkwangulie kuvumwani ya miti mikongwe wakati wa baridi, na kumkusanyia takataka za sakafuni mwa majahazi yaliyoleta matete, ili apate mbawakawa adimu. Kibarua huyo hakuwa mtu wa kupeleka ankara kwa mlezi. Naamini alilipwa mkononi, peni kwa peni.