Kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme kwa volti na ampea

Ukinzani ni kiasi ambacho waya au kifaa huzuia mkondo wa umeme kupita. Kipimo chake ni omu, nao hupatikana kwa kugawa volti (kipimo cha msukumo wa umeme, V) kwa ampea (kipimo cha mkondo, I): R = V ÷ I. Nguvu ni kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde. Kipimo chake ni wati, nayo hupatikana kwa kuzidisha namba hizohizo mbili: P = V × I.

Chukua rezista, yaani kifaa kidogo cha kuzuia mkondo, iliyounganishwa kwenye volti 12, inayopitisha ampea 0.5. Ukinzani wake ni 12 ÷ 0.5, yaani omu 24. Nguvu yake ni 12 × 0.5, yaani wati 6. Sasa ongeza volti hadi 24. Omu ni zilezile 24, hivyo mkondo unapanda hadi ampea 1 na nguvu inafika wati 24. Volti zimezidi mara mbili, joto limezidi mara nne! Ndiyo maana rezista inayohimili wati 10 tu iliyokuwa ikifanya kazi bila shida kwenye volti 12 huungua hapo.

Ukiujua ukinzani tayari, kipimo kimoja kinatosha: P = I² × R, au P = V² ÷ R. Kanuni yenye I² inafaa sana kwa nyaya na viungio. Kiungio kilicholegea chenye omu 0.1 tu, kikipitisha ampea 10, hutoa wati 10 za joto mahali padogo sana, na plastiki iliyo karibu huanza kuyeyuka.

Makosa mengi hutokea kwenye kupima, si kwenye hesabu. Volti hupimwa kwa kugusisha ncha za mita kwenye pande mbili za kifaa chenyewe huku kikifanya kazi. Ukipima kwenye betri, utahesabu pia volti zinazopotea njiani. Ampea hupimwa kwa kukata njia ya umeme na kuipitisha ndani ya mita. Ukiiweka mita iliyo kwenye ampea sambamba na chanzo cha umeme, umekipiga shoti: fyuzi ya mita itakatika, au mbaya zaidi. Kisha angalia vipimo vidogo. Miliampea 20 ni ampea 0.02, na ukisahau kubadili, jibu la omu litakosewa mara elfu.

Jambo jingine ni kwamba ukinzani haukai palepale kwa kila kifaa. Balbu ya filamenti ya wati 60 kwa volti 230 hupitisha takriban ampea 0.26, kwa hiyo ina omu zipatazo 880 ikiwaka. Ipime kwa mita ikiwa imezimwa na imepoa: utapata chini ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Mita haijaharibika. Tangsteni, metali ya filamenti, ikipata joto, ukinzani wake hupanda sana, na mshtuko wa mkondo mkubwa wakati wa kuwasha ndio huzikata balbu nyingi zilizochoka.

Kwa mota za umeme geu (AC, unaobadili mwelekeo mara kwa mara), V × I hutoa volti-ampea, si wati halisi, kwa sababu volti na mkondo havifiki kilele pamoja. Wati huwa pungufu, na mita ya wati ndiyo ya kuaminiwa hapo.