Friwili ni nini, na ikikwama inafanywaje

Nyanyua baiskeli, zungusha gurudumu la nyuma kuelekea mbele kwa mkono, kisha acha. Ile tiki-tiki-tiki unayoisikia inatoka kwenye friwili, yaani gurudumu dogo la meno linalovutwa na cheni kwenye habu, kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukikanyaga pedeli, inashika. Ukiacha kukanyaga, inaachia, na baiskeli inateremka mlima huku miguu yako imetulia.

Ndani kuna kiini kilichofungwa kwenye habu, na ganda la nje lenye meno, vikitenganishwa na gololi za milimita 3 hivi. Kiini kimebeba vidole vya chuma, aghalabu viwili, kila kimoja kikisukumwa nje na springi nyembamba kama unywele. Vidole vikinasa kwenye meno ya ndani ya ganda, gurudumu linasukumwa. Vikipita juu yake tu, ndiyo tiki-tiki.

Vidole vikigandiana na matope na grisi kavu, unakanyaga na pedeli zinazunguka bure. Hiyo ni kero tu. Hatari ni gololi zinapoota kutu friwili ikakaba: ukiacha kukanyaga, pedeli bado zinakusukuma miguu, cheni inalegea upande wa juu, inachomoka na kunasa kwenye spoki. Mimi ilinikuta mteremkoni nikiwa na madebe mawili ya mahindi kwenye keria, na nyumbani nilifika nikikokota.

Usikimbilie dukani. Laza gurudumu friwili ikiwa juu, dondoshea mafuta ya taa kwenye mwanya kati ya kiini na ganda, uzungushe, urudie mpaka yatoke safi upande wa pili. Yakikauka, tia oili nyepesi. Ya cherehani inafaa sana. Grisi usiweke humo, itanata na vidole havitachomoka tena.

Ikigoma, badilisha. Friwili imeingia kwenye habu kwa hesi, kama skrubu, na kila unapokanyaga unazidi kuikaza, ndiyo maana huwa ngumu. Ifungue kinyume cha saa kwa kifunguo chake, spoki na rimu zikiwa bado mahali pake, maana rimu ndiyo mpini wako. Kile kifuniko cha usoni mwa friwili chenye vitundu viwili hesi yake ni ya kushoto: kinafunguka kwa kufuata saa. Wengi hukigonga kinyume wakakikaza kabisa. Kifungue tu pale kifunguo kinapokosa pa kushika. Hapo gololi zimwagike, ganda litoke, kiini kibanwe kwenye jiriwa, uzungushe rimu kinyume cha saa.

Mpya iingie kwa mkono kwanza, hesi za habu zikiwa zimepakwa grisi. Hapo grisi ni mahali pake. Ikianza kwa mshazari, habu imekufa. Hesabu meno ya ile ya zamani: ya 18 ni nyepesi mlimani kuliko ya 16. Na cheni iliyovutika itaruka juu ya meno mapya, hivyo tenga pesa ya cheni pia.