Ritifaa katika Kiingereza: Mtafute Mwenye Mali Kwanza

Tangu dawati letu la ukaguzi wa lugha lianze kurudisha nyaraka za Kiingereza zenye ritifaa zilizowekwa pasipostahili, malalamiko yameongezeka, na baadhi ya waandishi wanahisi wameonewa kwa ajili ya kimkato kinachoning'inia juu ya herufi. Hatuna shaka na nia njema ya yeyote kati yao. Hata hivyo, waraka mmoja tulioukagua ulitaja "the tenant's deposit" ilhali wapangaji walikuwa watatu. Kwa maandishi hayo, amana ya watu watatu ilikwisha kuwa ya mmoja. Ilipaswa kuwa "the tenants' deposit".

Anayesoma Kiswahili anaijua ritifaa tangu "ng'ombe", ambako inaonyesha sauti. Katika Kiingereza haina kazi hiyo. Iliingia katika karne ya 16 kwa kufuata Kifaransa, ikishika nafasi ya herufi iliyodondoshwa, kama katika "don't", na baadaye ikachukua pia kazi ya umiliki, kwa kuwa kiambishi cha kale cha umiliki, "-es", kilikuwa kimepoteza irabu yake. Kazi ni hizo mbili. Wingi haumo, na anayeandika "book's" akikusudia vitabu vingi hana pa kujitetea, hata kama ameiona hivyo kwenye mabango elfu moja.

Utaratibu tunaoufuata ni huu: andika jina la mwenye mali kwa ukamilifu wake, kisha ndipo uweke ritifaa. Jina la wingi likiwa limekwisha ishia kwa s, ritifaa inatosha peke yake. Lisipoishia hivyo, kama "children", huongezwa s baada yake, nalo huwa "children's". Jina la mtu kama James hukubalika kwa namna zote mbili, "James's" na "James'", ila waraka mmoja usichanganye. Ama "its" ya umiliki, haina ritifaa kama ambavyo "his" haina. Ukiweza kusoma "it is" au "it has" mahali hapo, basi ni "it's", usipoweza siyo. Jambo hili tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Kosa likionekana, mkaguzi hulizungushia duara, huweka alama pembezoni na kurudisha waraka kwa aliyeuwasilisha, ambaye hutakiwa kuleta nakala mpya iliyo safi, kwani masahihisho ya kalamu juu ya nakala ileile hayapokelewi. Kosa lilelile likirudi mara ya tatu, waraka huondolewa kwenye foleni na kuanza upya, wala hakuna njia ya mkato.

Majina rasmi hayaguswi. Katika reli ya Piccadilly jijini London, kituo cha Earl's Court kina ritifaa na jirani yake, Barons Court, hakina. Maduka ya vitabu ya Waterstones yaliiondoa yenyewe mwaka 2012. Mkaguzi hana mamlaka ya kumsahihisha mtu jina lake, na tunaomba wananchi nao wasimsaidie katika hilo.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa majina ya watu kama O'Brien. Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti, hivyo jina lililosajiliwa kwa moja linaweza lisipatikane likitafutwa kwa nyingine. Mfumo ukikataa jina lako, usiiondoe ritifaa ili fomu ipite, maana hapo kumbukumbu zako zitakuwa na watu wawili. Jaribu kwanza umbo la pili, na likikataliwa nalo, wasilisha fomu ya karatasi ikiwa na jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.