Je, wajua kwa nini Petro anaonekana mara tatu katika mchoro mmoja wa Masaccio?

Katika kanisa la Santa Maria del Carmine mjini Firenze, Italia, kuna kikanisa cha pembeni kiitwacho Brancacci. Kwenye ukuta wake mmoja upo mchoro wenye upana wa karibu mita 6, ambao Masaccio aliuchora katikati ya miaka ya 1420 kwa kupaka rangi juu ya lipu mbichi. Mzee yuleyule mwenye ndevu za mvi yuko katikati, yuko kushoto, na kulia pia yuko. Ni mtume Petro.

Kisa kinatoka Mathayo 17:24-27. Huko Kapernaumu, watoza kodi ya hekalu wanamuuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Yesu anamwambia aende akatupe ndoana. Samaki wa kwanza atakuwa na fedha mdomoni, ya kuwatosha wote wawili.

Wachoraji wa zama zile hawakulazimika kuonyesha dakika moja tu ya tukio. Ukuta ulisimulia hadithi nzima, na mhusika alijulikana kwa sura na mavazi yake. Mtindo huo Masaccio aliukuta. Kilicho chake hasa ni mpangilio: hadithi inaanzia katikati, inarudi kushoto, kisha inavuka hadi kulia.

Tazama pale katikati. Mtoza ushuru ametupa kisogo, kanzu yake fupi, miguu iko wazi, mkono ameunyoosha kudai. Mitume wote wana duara la nuru kichwani, yeye hana. Yesu anaelekeza mkono majini, na Petro, uso umekunjamana, anaelekeza wake hukohuko, kana kwamba hajaamini alichosikia. Kushoto kabisa amevua joho, amechuchumaa ukingoni na kumfungua samaki mdomo. Kulia, mbele ya jengo, anamkabidhi mtoza ushuru yuleyule fedha yake.

Sasa fungua Biblia ulinganishe. Mathayo anaishia kwenye agizo la Yesu. Hasemi popote kwamba Petro alikwenda, akavua, akalipa. Tena mazungumzo hayo yalifanyika ndani ya nyumba, na huyo mdai hatajwi kuwapo. Masaccio ameyatoa nje, akamsimamisha mdai mbele ya Yesu na mitume wakiwazunguka. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo tafsiri yake: uzito wote ameuweka kwenye neno la Yesu, na muujiza wenyewe akausogeza pembeni, mdogo, usiotazamwa na yeyote. Hata mistari ya jengo la kulia ukiifuata kwa jicho, inakutana kichwani pa Yesu. Na mwanga unaowaangukia watu wale unatoka kulia, upande ambao dirisha halisi la kikanisa lilipo, hivyo wanaonekana kama wamesimama humo ndani pamoja nawe.

Kwa nini kodi, kisa ambacho wachoraji hawakukigusa mara nyingi? Kuta za kikanisa hiki zimejaa habari za Petro, kwa hiyo kisa kina mahali pake. Lakini mwaka 1427 Firenze ilianzisha kodi mpya ya mali iliyoitwa catasto, na baadhi ya wanahistoria wanaona mchoro unagusa mjadala uliohusu kodi hiyo. Wengine wanaona unahusu zaidi mamlaka ya Kanisa. Mimi naona hoja ya kodi ina nguvu kiasi, kwa kuwa mtoza ushuru peke yake amevaa kama watu wa Firenze ya siku zile, ilhali Yesu na mitume wamevikwa majoho ya kale.

Masaccio alifariki mwaka 1428, akiwa na miaka 26 hivi, na kikanisa hakijakamilika. Filippino Lippi alikuja kukimaliza miaka ya 1480. Mtindo wa kumrudia mhusika nao uliendelea. Mnamo 1481-82, kwenye ukuta wa Kikanisa cha Sisto huko Vatikani, Botticelli alimchora Musa mara saba katika mchoro mmoja, na kila mara unamtambua kwa kanzu ya njano na joho la kijani.